Wanaoafiki Waseme Ndiyo!

Taja jina la diwani wako.

Usimuulize mkeo. Usifungue simu. Taja hapo hapo ulipo, kwenye daladala, kibarazani, au huko kazini unakojifanya una kazi. Nani diwani wa kata yako?

Kimya. Nilijua.

Beki wa kushoto wa Simba unamjua. Kocha wa Yanga aliyetimuliwa unamjua, sababu za kutimuliwa unazo, na mrithi wake ulishamteua kijiweni kabla uongozi haujakaa kikao. Uchaguzi wa Marekani unaubishania mpaka koo linakauka. Lakini mtu aliyesema ndiyo ushuru wa genge lako ukapanda, mtu aliyenyamaza kibali cha ghorofa la jirani kikapita, huyo ukipishana naye sokoni humjui.

Halafu unaniambia serikali haitujali!

Nimechoka, ndugu yangu. Nimechoka na kilio chetu cha kila masika. Tunamlilia Rais kuhusu mtaro. Tunamlilia waziri kuhusu gari la taka. Akipita mkuu wa mkoa na msafara wake, tunatoa mabango tuliyoandika usiku kucha. Mheshimiwa anashuka, anamfokea mtendaji wa kata mbele ya kamera, sisi tunapiga makofi. Msafara unaondoka. Mtaro unabaki na maji yake yale yale, mabichi, ya kijani.

Tangu lini makofi yakazibua mtaro?

Na wakati sisi tunashangilia barabarani, kuna ukumbi mahali fulani ndani ya jiji hili la Dar es Salaam ambamo shauri la mtaro ule liko mezani. Liko kwenye karatasi. Lina namba ya ajenda. Mlango wa ukumbi huo uko wazi, na hauko wazi kwa hisani ya mtu: Sheria ya Serikali za Mitaa kwa mamlaka za miji, ya mwaka 1982, inataka mikutano ya Baraza la Madiwani iwe ya wazi kwa umma. Umma ni wewe. Ni mimi. Ni yule bwana wa bodaboda anayelala juu ya pikipiki pale kona.

Umewahi kuingia?

Basi nikusimulie, maana mimi nimeingia, kwenye halmashauri moja ambayo sitaitaja.

Kikao kilipangwa saa tatu asubuhi. Saa nne ikakaribia ndipo watu wakaanza kujaa. Mstahiki Meya akaingia na joho lake na mkufu kifuani, ukumbi mzima ukasimama. Dua ikasomwa, na dua yenyewe ilikuwa nzuri, tulimwomba Mwenyezi Mungu awape waheshimiwa hekima. Kisha kila mmoja akafungua kabrasha lake.

Kabrasha lile lilikuwa limetuna. Lazima lifike mikononi mwa madiwani mapema, walisome, walielewe, waje na maswali. Mheshimiwa aliyekuwa karibu nami alikuwa anatoa lake kwenye bahasha muda ule ule, karatasi bado zina joto la mashine ya kurudufu. Humo ndani mlikuwa na madarasa ya mwanao, dawa za zahanati yako na ushuru wa soko lako. Alipekua kurasa kwa kidole gumba, akaangalia za picha, akalifunga, akaliwekea chupa ya maji juu.

Kuthibitisha ajenda. Wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyooo!

Kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Ukurasa wa kwanza? Twende. Wa pili? Twende. Wa tatu, wa nne, wa tano? Twende, twende. Wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyooo!

Kisha yakaja yatokanayo. Hapo, ndugu yangu, ndipo mitaro yetu inapozikwa. Kuna jedwali la safu tatu: agizo la Baraza, utekelezaji, maoni. Katika safu ya kwanza niliusoma mtaro wa kata fulani ulioziba, wakazi wanapata adha, mkurugenzi ashughulikie. Safu ya pili ikajibu kwa maneno mawili: utekelezaji unaendelea. Safu ya tatu ilikuwa tupu. Nikamuuliza ofisa niliyekaa naye utekelezaji huo umefika wapi. Akacheka kwa aibu kidogo, akaniambia robo iliyopita pia iliandikwa hivyo hivyo.

Wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyooo!

Baadaye ikapita karatasi ya kusaini posho. Hiyo ilisomwa kwa makini, jina kwa jina.

Niligeuka nyuma kutazama viti vya wageni. Walikuwapo wakuu wa idara na wasaidizi wao. Walikuwapo madereva. Alikuwapo kijana mmoja wa redio, anasinzia. Mwananchi wa kawaida, ambaye hakualikwa wala hakupewa nauli, aliyekuja tu kwa sababu yanayojadiliwa yanamhusu? Nilimtafuta sikumwona.

Asiyekuwepo na lake halipo. Wazee wetu walimaliza.

Unadhani unaibiwa usiku? Unadhani kuna watu wanakutana gizani kupanga jinsi ya kukukamua? Wapo, sikatai. Lakini mengi yanayokutesa hayapangwi gizani. Yanapitishwa mchana kweupe, taa zinawaka, feni zinazunguka, kipaza sauti kinasikika, mlango wazi. Yanapitishwa kwa sababu ukumbi mzima una sauti moja tu, na anayepaswa kuikatiza hayupo. Wewe hupo.

Chukua sheria ndogo. Unalijua jina, hujui zinavyozaliwa. Halmashauri inaandaa rasimu. Inatakiwa kuitangaza ili wananchi waione na wenye pingamizi walete. Kisha Baraza linapitisha, waziri anaridhia, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Siku ya tangazo lile kubandikwa ubaoni, ulipita hapo unakwenda kulipia leseni. Hukusoma. Siku za pingamizi zikapita. Hukuandika. Baraza likakaa. Hukwenda.

Lakini siku gari la mgambo lilipofika, hapo ulifika!

Nimeona kwa macho yangu alfajiri moja, mama lishe wa mtaani kwetu amesimama kando ya mafiga yake, mikono kichwani. Sufuria la wali lilikuwa limepandishwa kwenye pikapu lingali moto, mfuniko umeanguka njiani, na kijana wa mgambo amekanyaga ukingo wa sufuria lisimwagike. Tulijaa pale watu wazima. Tukazomea. Tukarekodi. Mmoja akasema hii nchi ngumu. Gari likaondoka, tukaenda kazini.

Kati yetu sote tuliozomea, nani aliuliza sheria ndogo ile ilipitishwa lini na nani? Nani alimfuata diwani jioni ile? Dua la kuku halimpati mwewe, na kuzomea kwetu ni dua la kuku.

Chukua wamachinga, maana hiyo ni hadithi ya jiji hili kuamua mambo ya watu bila watu. Kulijengwa Machinga Complex pale Ilala, ghorofa kwa ghorofa, kwa fedha za mkopo kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii. Wenye kujengewa wakalikwepa. Miaka ikapita vizimba viko tupu huku barabara za Kariakoo hazipitiki. Kwa nini? Kwa sababu mmachinga anamfuata mnunuzi anakopita, na mnunuzi hapandi ngazi kutafuta soksi. Jambo hilo angekuambia kijana yeyote mwenye meza Msimbazi, bure, bila mtaalamu mshauri. Mkopo ukabaki. Riba ikabaki.

Halafu Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kila kimoja, ukiwa nacho hakuna wa kukugusa. Watu wakanunua. Wengine walikopa kununua. Oktoba 2021 hao hao wakaambiwa waondoke barabarani, vibanda vikavunjwa. Sibishi kwamba barabara ni za kupita. Nauliza tu: maamuzi mawili makubwa namna hiyo, la kuwaweka na la kuwatoa, yote yalitoka juu. Baraza la Madiwani, chombo tulichokichagua kupanga masoko na maeneo ya biashara, liliamua nini zaidi ya kutafuta pa kuwapeleka wakati matangazo yameshatoka?

Chukua majengo. Hapa nitasema polepole kwa sababu kuna makaburi.

Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa 16 zilizokuwa zinajengwa mtaa wa Indira Gandhi zilianguka. Watu 36 walikufa. Viongozi walisema wakati ule kwamba kibali kilitolewa kwa ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Ghorofa si sindano, jamani. Ghorofa haijengwi chini ya kitanda. Inapanda wiki kwa wiki, inaonekana kutoka kituo cha basi, inaonekana kutoka dirisha la ofisi ya anayetoa vibali. Kila mtu aliiona. Jirani aliiona. Mkaguzi aliiona. Nani aliuliza?

Tukalia, tukazika, tukaunda kamati. Novemba 2024, jengo likaanguka tena, safari hii Kariakoo, na watu wakafukiwa wakiwa dukani, wanapiga simu kutoka chini ya zege. Tukalia tena, tukazika tena, tukaunda kamati tena.

Vibali vya ujenzi na usimamizi wa mipango miji ni kazi ya halmashauri. Kuna kamati ya kudumu ya mipango miji na mazingira. Inakaa. Inapokea taarifa. Wanaoafiki wanasema ndiyo. Kila ukilisikia neno lile likitamkwa kwa uvivu, baada ya chai, kabla ya chakula cha mchana, kumbuka kwamba wakati mwingine linazika watu.

Sasa utaniambia: lakini ndugu mwandishi, hao madiwani wenyewe wana nguvu gani? Hapo umesema. Kaa vizuri nikujibu, maana sikuja hapa kumpiga diwani peke yake.

Samaki huoza kuanzia kichwani. Nani anateua mkurugenzi wa jiji? Rais. Mkuu wa wilaya? Rais. Mkuu wa mkoa? Rais. Katika msururu wote wa wakubwa wanaoamua habari za mtaro wako, ukimwacha Rais mwenyewe, uliowachagua wewe kwa kura yako ni mwenyekiti wa mtaa, diwani na mbunge, basi. Meya anachaguliwa na madiwani wenzake, anavaa joho, anaongoza kikao. Kalamu ya hundi anayo mkurugenzi. Na mkurugenzi akigombana na Baraza, macho yake yanatazama wapi? Yanatazama alikotoka uteuzi.

Mkurugenzi huyo huyo kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi unaomleta diwani ukumbini. Diwani gani mwenye akili timamu atamkalia kooni mtu atakayekuja kutangaza matokeo yake?

Fedha nazo zikanyofolewa moja moja. Barabara zikapelekwa kwa wakala wa serikali kuu, TARURA, mwaka 2017. Kodi ya majengo ikapelekwa mamlaka ya mapato, TRA, na tangu 2021 unakatwa kwenye LUKU, umeme unanunua na kodi unalipa, huku jengo lako likiwa kwenye mtaa ambao halmashauri yake haina hata fedha ya kulipa vijana wa koleo. Yamebaki mabaraza yaliyonyonyolewa manyoya, halafu tunayashangaa kwa kutoruka.

Matokeo yake unayajua kwa miguu yako. Nenda kalalamikie mtaro. Mwenyekiti wa mtaa atakuandikia barua uipeleke kata. Mtendaji wa kata atagonga muhuri uende halmashauri. Halmashauri watakuambia huo uko kando ya barabara, hiyo ni TARURA. TARURA wataangalia ramani, watakuambia barabara hiyo ni ya wakala wa barabara kuu, TANROADS. TANROADS watakuambia yao inaishia kwenye kalvati, kutoka kalvati kwenda chini waone halmashauri. Umerudi ulikoanzia, nauli imekwisha, na maji hayajauliza mtaro ni wa nani. Yameingia ndani.

Na chombo chenyewe kinavunjwa kwa tamko. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na serikali ya juu, jiji likaendeshwa na Tume chini ya Charles Keenja mpaka mwaka 2000. Wakazi wengi walishangilia, maana jiji lilikuwa limeoza kwa taka na rushwa, na Tume ilisafisha. Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja tena Baraza la Jiji, Manispaa ya Ilala ikapandishwa ikawa ndiyo Jiji. Safari hii hapakuwa na shangwe wala kilio. Watu waliisikia kwenye taarifa ya habari wakabadilisha stesheni.

Hebu litafakari hilo. Chombo cha kuliwakilisha jiji la mamilioni kinaondoka jioni moja, na asubuhi hakuna aliyekuta pengo. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka gani hayo, yakiondolewa mwenye nayo hashtuki?

Usiniletee na hadithi za chama. Machi 2016, baada ya kuahirishwa mara kadhaa, uchaguzi wa meya wa jiji ulifanyika pale Karimjee, upinzani ukamweka Isaya Mwita. Jiji zima lilijua. Siku zile tulikesha na habari za nani kazuiwa mlangoni, nani kapiga kura. Haya, baada ya hapo? Nitajie ajenda moja tu iliyopitishwa kikao kilichofuata. Huwezi. Tulifuata mechi, filimbi ilipopulizwa tukarudi nyumbani, na kazi yenyewe ya Baraza ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Leo chama kimoja kinakaa ukumbini karibu peke yake. Hata kwenye uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024 kilitangazwa kuchukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa yote nchini. Wakiwa wenyewe kwa wenyewe, nani atasema siyo? Ndiyo maana nakupigia kelele wewe. Ukumbi usipokuwa na upinzani ndani, upinzani pekee unaobaki ni macho ya mwananchi nyuma kwenye viti vya wageni.

Tena kuna la posho. Kwa miaka mingi posho ya mwezi ya diwani ilikuwa shilingi 350,000. Mtu huyo wapiga kura wanamgongea saa kumi na moja alfajiri: mheshimiwa tuna msiba, mheshimiwa mtoto kafukuzwa shule, mheshimiwa niongezee nauli. Wewe mwenyewe umeshamgongea. Sasa mtu wa 350,000 anakaa kwenye kamati inayojadili zabuni za mabilioni, na nje kwenye gari lenye vioo vyeusi anasubiri mkandarasi mwenye tabasamu. Unategemea nini? Tunamdai pesa za misiba kuliko tunavyomdai taarifa ya mapato na matumizi. Tumemfundisha sisi kwamba kazi yake ni kutoa rambirambi.

Ukitaka kuona gharama ya usingizi wetu, tazama mikopo ya asilimia kumi. Tangu mwaka 2018 ni sheria: halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Jambo jema mno. Kisha ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, CAG, zikaanza kutaja mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, mpaka Aprili 2023 serikali ikausimamisha utoaji wake, ukarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Vikundi hewa! Kikundi hewa kinasajiliwa kwenye kata. Kina jina, kina mtaa, kina mwenyekiti na mweka hazina. CAG anatoka Dodoma kuja kugundua kwamba kikundi cha ushonaji cha mtaani kwako hakipo. Wewe unayeishi hapo, unayejua hadi nani kachelewa kurudi jana usiku, hukujua kwamba mtaani kwenu hakuna cherehani hata moja?

Ulijua. Ulinyamaza. Ulisema hayanihusu. Na binti wa jirani yako, mwenye cherehani ya kweli, aliambiwa fedha zimekwisha.

Sasa leta visingizio vyako, nimeshavizoea.

Utasema una kazi. Kweli, vikao ni siku za kazi. Lakini mtaa una watu maelfu. Mnakosekana watatu wa kwenda kwa zamu? Kwenye kicheni pati mnapata kamati ya watu kumi na mbili, mwenyekiti, katibu na mpiga picha.

Utasema wewe ni mpangaji. Maji ya mtaro yanabisha hodi kwa mwenye nyumba peke yake?

Utasema siasa ni mchezo mchafu. Na dampo je, ni safi?

Utasema hata tukienda hawatusikilizi. Hapo ndipo nakukatalia kabisa, na ushahidi wangu uko hapa hapa Dar es Salaam.

Miaka ya themanini Jiji lilikuwa linamwaga taka Tabata. Moshi, nzi, harufu, watoto wanakohoa. Wakazi wa pale hawakungoja msafara wa kiongozi. Mwaka 1988 walilishtaki Jiji Mahakama Kuu. Wakashinda. Jiji likaamriwa liache kumwaga taka pale, litafute mahali pengine pasipohatarisha watu. Likafanya nini? Likaomba muda. Likaomba tena muda. Mwaka 1991 likarudi kwa Jaji Lugakingira kuomba muda mwingine, jaji akakataa katakata, akasema hajawahi kusikia mamlaka ya umma inakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaijenga hukumu yake juu ya haki ya kuishi, ibara ya 14 ya Katiba.

Hayakuishia hapo. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa Mtongani nao, zaidi ya mia saba, wakaenda mahakamani. Nao wakashinda.

Watu wale hawakuwa na simu za kurekodi. Hawakuwa na makundi ya WhatsApp ya kutumiana vikatuni vya viongozi. Walikuwa na karatasi, michango, na ukaidi wa kurudi kila walipoambiwa warudi. Nenda leo Tabata, imejaa nyumba, maduka na makanisa. Wanaokaa pale hawajui wanaishi juu ya ushindi wa nani.

Kwa hiyo usiniambie haiwezekani. Niambie hutaki.

Kama unataka, sikiliza. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini bajeti haianzi Julai. Mapendekezo yanatoka mitaani miezi ya mwisho wa mwaka. Baraza linapitisha miezi ya mwanzo wa mwaka. Bunge linamaliza kabla Juni haijaisha. Ukija na mtaro wako mwezi wa Aprili, mvua ikiwa kifuani, umeukuta mlango wa fedha umefungwa zamani. Mtaro unadaiwa wakati wa jua, ndugu yangu. Desemba, vumbi linatimka, ndio wakati wa kusimama kwenye mkutano wa mtaa na kusema: andikeni mtaro wetu, tuone umeandikwa, mtusomee mlichoandika.

Nenda ofisi ya mtaa kaulize mkutano wa wakazi ni lini, na mapato na matumizi ya robo iliyopita yamebandikwa wapi. Watakukodolea macho. Kaa hapo hapo. Nenda halmashauri kaulize tarehe ya kikao cha Baraza. Watakuuliza wewe ni nani, umetumwa na nani. Wajibu: nimetumwa na stakabadhi yangu ya ushuru. Mpigie diwani, umwambie safari hii huombi nauli, unaomba akusomee alichosema kwenye kikao, na kama hakusema kitu, akuambie kwa nini.

Fanyeni hivyo watu watano kila mtaa. Halafu mkae kwenye viti vya nyuma, mmetulia, daftari mkononi. Uone kama kabrasha litafunguliwa mlangoni. Uone kama mtu ataandika tena utekelezaji unaendelea mbele ya wenye mtaro. Uone kama ile ndiyooo itatoka kwa urahisi ule ule.

Na kama hutaki, pia ni haki yako. Hakuna sheria ya kukulazimisha. Lakini basi unyamaze. Lipa ushuru utakaopangiwa, ruka maji utakayoachiwa, kaa chini ya ghorofa litakaloidhinishwa. Kikao kijacho kitafanyika uwepo usiwepo, na mwenyekiti atakapouliza wanaopinga ni nani, kimya chako kitaandikwa kwenye muhtasari kuwa na wewe umeafiki.